Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: akaunti imeingia minasi na benki inakata

Nilikaa dirishani kwenye tawi moja la benki Kariakoo kwa miaka minane, kisha nikaacha kazi. Majirani zangu wa Kimara hawajakubali kwamba niliacha. Kila ikikaribia tarehe ishirini kuna mtu ananisimamisha njiani na simu mkononi: "Baba Neema, hebu nisomee hii meseji." Maswali ni yaleyale. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu ninayoyatoa nikiwa sijachoka.

Salio langu linasoma -18,400. Simu imekosea?

Haijakosea. Hicho kistari ni alama ya kutoa. Akaunti haina kitu, na juu ya hapo benki inakudai shilingi 18,400. Benki wanaita ovadrafti, mtaani tunasema akaunti imeingia minasi. Iko ovadrafti ya kuomba: mfanyabiashara anasaini mkataba, anapewa kikomo, na riba anaijua. Na iko hii yako, ambayo hukuiomba, imekukuta tu. Majibu haya ni ya hiyo ya pili.

Kabla presha haijapanda, hakikisha unasoma salio gani. Kuna salio la kitabuni na kuna salio unaloweza kulitumia. Ukikuta la kitabuni liko sawa ila la kutumia limeshuka, pesa yako imeshikiliwa tu, haijakatwa. Umelipa supamaketi kwa kadi, mashine ikagoma, mkaswaipu tena. Yale malipo ya kwanza yanabaki yameshikiliwa, na mara nyingi yanaachiwa yenyewe baada ya siku chache. Hilo halihitaji ugomvi, linahitaji kutunza risiti zote mbili.

Kadi isipokuwa na salio si inakataa? Nimeingiaje huko?

ATM inakataa, kweli. Lakini akaunti ina milango mingi, na mingine haina mlinzi.

Mlango unaowaingiza wengi ni ada ya uendeshaji wa akaunti. Umeacha akaunti ina shilingi mia tisa, mwezi unaisha, mfumo unakata ada yake. Kwenye benki nyingine ada inasubiri pesa iingie. Kwenye nyingine inakatwa hivyohivyo, na akaunti inashuka chini ya sifuri mwezi baada ya mwezi bila wewe kugusa kadi. Mimi mwenyewe, niliyekuwa nawaeleza wateja habari hizi kutwa nzima, yalinikuta. Nilikuwa na akaunti kwenye benki nyingine, niliifungua kwa ajili ya kibarua cha miezi sita. Kibarua kikaisha, laini ya simu niliyoiandikisha nikaitupa, meseji zikawa zinakwenda kusikojulikana. Nilikuja kugundua siku nimekwenda kuifufua. Dada wa dirishani aliangalia skrini, akaniangalia mimi, akasema, "Kaka, hapa kwanza kuna deni."

Mlango wa pili ni malipo ya dola. Umejiunga na huduma fulani ya mtandaoni, inakata kila mwezi. Leo benki inashikilia kiasi kulingana na bei ya dola ya leo, malipo yanakamilika siku mbili tatu baadaye kwa bei ya siku hiyo, na kuna ada ya kubadili fedha juu yake. Kama salio lilikuwa la kubana, ile tofauti ya shilingi elfu mbili ndiyo inayokutumbukiza.

Wa tatu ni rejesho la mkopo au agizo la kudumu, yaani malipo uliyoiagiza benki iyakate yenyewe kila tarehe fulani. Tarehe imefika, mshahara haujasoma, mfumo hauna huruma ya kusubiri mwajiri wako.

Wa nne ni hundi. Umepewa hundi, umeiweka, benki imekuruhusu kutumia kidogo kabla haijakomaa, halafu hundi inarudi. Ulichokitumia kinageuka deni lako, siyo la aliyekuandikia. Yeye utamfuata mwenyewe.

Na wa mwisho, ambao watu hawapendi kuusikia: pesa iliyoingia kimakosa. Ukiamka ukakuta laki tatu usizozijua, ukazipeleka sokoni, mwenyewe akilalamika benki itarudisha muamala. Nimeona watu wazima wakilia kwa jambo hili, na sikuwa na la kuwasaidia.

Nifanye nini leo hii, kabla ya kitu kingine?

Chukua stetimenti ya miezi mitatu. Siyo picha ya salio, stetimenti yenyewe, mstari kwa mstari. Tafuta mstari ambapo salio lilivuka sifuri kwa mara ya kwanza, upigie duara kwa kalamu. Yaliyo juu ya duara ni matumizi yako. Yaliyo chini yake, mengi ni makato. Hayo ni mafungu mawili tofauti, na kosa kubwa ninaloliona ni watu kuyachanganya. Deni la matumizi unalilipa. Makato unayajadili. Anayekwenda kugombana kuhusu yote kwa pamoja anaondoka mikono mitupu, na anayelipa yote kimyakimya amelipa ambayo pengine angesamehewa.

Baada ya hapo, zuia kinachokuja. Sitisha huduma za mtandaoni zinazokata kadi. Kama kuna rejesho tarehe 25, piga simu tarehe 20, usisubiri 26. Halafu weka kiasi cha kuziba deni la matumizi, ukiweza. Usiweke pesa ya chakula. Ukiweka elfu hamsini kwenye shimo la elfu hamsini unabaki na sifuri, na benki haitakurudishia nauli ya kurudi Mbagala.

Makato yanahesabiwaje? Mbona yanakua haraka hivi?

Kila benki ina mwongozo wake wa tozo, na inatakiwa kuuweka mahali mteja anaweza kuuona. Uombe. Dirishani watakuonyesha ubaoni au watakupa karatasi, na kwenye tovuti zao huwa upo, ingawa umefichwa kama kiberiti cha mama mkwe.

Tuchukue mfano, tarakimu ni zangu za kuelezea tu. Umeingia minasi kwa shilingi 30,000. Benki ina ada ya shilingi 10,000 kwa ovadrafti isiyo ya makubaliano, na riba ya asilimia 20 kwa mwaka. Watu wakisikia asilimia 20 wanashika kichwa. Lakini piga hesabu: asilimia 20 ya 30,000 ni 6,000 kwa mwaka mzima, yaani kama shilingi 16 kwa siku. Ukikaa wiki mbili umelipa riba isiyofika bei ya chapati moja. Inayouma ni ile ada. Shilingi 10,000, ongeza VAT ya asilimia 18, ambayo ada za benki zinatozwa tangu Julai 2016, unafika 11,800. Kwa deni la elfu thelathini, hiyo ni zaidi ya theluthi, na imekatwa siku ya kwanza.

Kwa hiyo ukienda kuzungumza na benki, usipoteze pumzi kwenye riba. Zungumzia ada.

Halafu angalia marudio. Kwenye benki nyingine, rejesho likikosa pesa mfumo unajaribu tena kesho, na keshokutwa, na kila jaribio lililoshindwa lina ada yake. Nimewahi kuona stetimenti ya fundi mmoja yenye ada nne za namna hiyo kwa rejesho moja. Yeye alidhani ni mkopo unaokatwa kwa awamu.

Naweza kurudishiwa makato yaliyokwisha kukatwa?

Unaweza kuomba, na wanaoomba vizuri hupata mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Kama ada imo kwenye mwongozo na ulisaini fomu ya kufungua akaunti, benki haina wajibu wa kuirudisha. Ila meneja wa tawi, au ofisi iliyo juu yake, ana nafasi ya kusamehe, hasa kama ni mara yako ya kwanza na akaunti ina historia nzuri.

Una nguvu zaidi ya kuomba tu kama kosa ni lao: ada imekatwa mara mbili kwa tukio moja, kiasi hakilingani na mwongozo, ulishaandika barua ya kufunga akaunti wakaendelea kukata, au mtandao wao ulikuwa chini siku uliyojaribu kuweka pesa. Hapo huombi msamaha, unadai chako, na sauti yako inaweza kuwa hivyo pia.

Siku ya kwenda ina maana yake. Usiende Jumatatu, wala zile siku mishahara inaposoma na foleni inatoka mpaka nje kwenye jua. Nenda katikati ya wiki, asubuhi, tarehe za kumi na kitu. Dirishani usikae sana, kwa sababu yule binti hana mamlaka ya kurudisha hata shilingi mia. Mwambie tu:

"Habari za asubuhi dada. Nina suala la makato, naomba kuonana na ofisa wa huduma kwa wateja."

Ukifika kwa ofisa, weka stetimenti mezani, ile yenye duara. "Hili deni la elfu thelathini ni langu, nimekuja nalo. Hizi ada mbili naomba mnisaidie, nimeingia huku kwa bahati mbaya na ni mara ya kwanza." Kisha nyamaza. Mtu aliyekuja na pesa mkononi anasikilizwa tofauti na aliyekuja na hasira, hilo nimeliona kutoka upande wa pili wa kioo mara nyingi mno.

Akisema "tutalishughulikia", muulize namba ya kumbukumbu ya lalamiko na jina lake. Bila namba, hujalalamika. Umepiga soga.

Barua iandikwe vipi?

Fupi. Barua za kurasa tatu zinawekwa pembeni zisomwe kukiwa na nafasi, na nafasi haipatikani. Hii inatosha:

Meneja wa Tawi,
Benki ya ………, Tawi la ………

YAH: OMBI LA KUREJESHEWA MAKATO, AKAUNTI NAMBA ………

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tarehe ……… akaunti yangu iliingia kwenye salio hasi la shilingi ……… kutokana na ……… Baada ya hapo nilikatwa ada za jumla ya shilingi ……… kama stetimenti niliyoambatanisha inavyoonyesha.

Deni la msingi nimelilipa tarehe ……… Naomba ada hizo zirejeshwe kwa sababu ……… Naomba pia majibu kwa maandishi.

Wako mtiifu, jina, sahihi, simu.

Toa nakala mbili. Moja unawaachia, ya pili wanakugongea mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Wakikwambia mhuri haupo, kaa kwenye kiti usubiri. Mhuri upo.

Wamekataa, au wamekaa kimya. Niende wapi?

Benki Kuu ya Tanzania. Zipo Kanuni za Kumlinda Mtumiaji wa Huduma za Fedha za mwaka 2019, zinazozitaka benki kuweka tozo wazi na kuwa na utaratibu wa kupokea malalamiko na kuyajibu. Benki Kuu ina dawati la malalamiko na pia mfumo wa mtandaoni unaoitwa Sema na BoT. Makao makuu yako Dodoma, ila kwa sisi wa Dar kuna yale maghorofa pacha ya Mtaa wa Mirambo ambayo kila mtu ameyaona na wachache wameingia.

Usianzie huko. Watakuuliza, benki yako ilikujibu nini? Hapo ndipo ile nakala yenye mhuri inapofanya kazi.

Mshahara ukiingia, benki itachukua wote?

Itachukua kiasi cha minasi, papo hapo, bila kukuuliza. Ukiwa unadaiwa 80,000 na mshahara wa 400,000 umeingia, utakuta 320,000, pungufu ya makato mengine ya siku hiyo. Kama una akaunti mbili kwenye benki moja, angalia mkataba wako: mingi inairuhusu benki kutoa kwenye akaunti moja kuziba nyingine, hata ile ya akiba uliyoiandika "ada ya shule".

Ikiwa pengo ni kubwa kiasi cha kuathiri kodi ya nyumba, wahi kabla mshahara haujasoma, uombe kulipa kwa awamu, na makubaliano yawe kwa maandishi. Baada ya kusoma hakuna cha kuomba.

Wapo wanaoniuliza kama wamwambie mhasibu ahamishie mshahara benki nyingine. Kama huna mkopo, ni haki yako, ila deni unaliacha likikusubiri. Kama una mkopo wa mshahara, mkataba wake karibu kila mara unataka mshahara upitie hapo hapo. Ukihamisha umevunja mkataba, na sasa una matatizo mawili.

Nikope kwenye simu nizibe?

Songesha ya M-Pesa na wenzake nao ni ovadrafti ileile, imevaa nguo za mtandao wa simu: salio halitoshi, wanakuongezea, muamala unakamilika, na ada inahesabika kadiri siku zinavyokwenda. Kwa siku moja, kununua LUKU usilale gizani, sina neno. Kuziba shimo la benki kwa shimo la simu, hapana. Unajikuta unalipa ada mbili kwa pesa moja.

Zile programu za mikopo zinazokutumia meseji usiku wa manane usiziguse kabisa. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya 69 zisizo na leseni. Wakikukosa wanawapigia watu wote kwenye simu yako, pamoja na mkweo.

Nikiiacha tu ilivyo, watanifunga?

Kuingia minasi kwa kadi au kwa ada ni deni la kawaida, siyo jinai. Hundi ni habari nyingine: kumwandikia mtu hundi huku ukijua akaunti haina kitu kunaweza kukufikisha kituoni.

Lakini deni linaloachwa halisinzii. Benki hupeleka taarifa za wakopaji kwenye kanzidata ya Benki Kuu, na taasisi za taarifa za mikopo, Creditinfo na Dun & Bradstreet, ndizo zinazotoa ripoti kwa wakopeshaji. Miaka mitatu baadaye unakwenda kuomba mkopo wa kiwanja Kibaha, unaambiwa una deni sugu la shilingi 46,000. Watu wanadhani ni utani.

Kaka yangu yuko Uingereza, anasema kule watu walirudishiwa makato yote. Kwa nini siyo hapa?

Kaka yako anakumbuka nusu ya hadithi. Ni kweli kuanzia kama 2006 Waingereza wengi walidai, na benki zikawa zinawalipa wengi wao ili kukwepa mahakama. Kesi ya mfano ikafika Mahakama ya Juu, na Novemba 2009 benki zikashinda: mahakama ilisema makato yale ni sehemu ya bei ya huduma, hivyo sheria iliyotumika haikuruhusu kupima kama kiwango chake ni cha haki. Mabadiliko ya kweli yalikuja Aprili 2020, msimamizi wao wa fedha alipopiga marufuku ada za mkupuo kwenye ovadrafti na kuzitaka benki zitoze riba moja tu ya mwaka, na isiyo ya makubaliano isizidi ile ya makubaliano.

Rudi kwenye ule mfano wangu wa elfu thelathini uone tofauti: kwa utaratibu kama huo, mtu wa wiki mbili angelipa riba ya shilingi mia mbili na kitu, siyo 11,800. Ningependa kuuona hapa. Haupo, na ukienda nao dirishani Kariakoo utachekwa.

Akaunti ni ya marehemu baba, na inaendelea kukatwa. Tunadaiwa sisi watoto?

Pole sana. Hamdaiwi ninyi mifukoni mwenu. Deni linalipwa na mali ya marehemu, kama ipo. Lakini benki haijui kwamba mzee amefariki mpaka iambiwe, na mfumo utaendelea kukata ada kana kwamba anakunywa chai. Pelekeni cheti cha kifo kutoka RITA mapema, hata kabla ya arobaini, muombe akaunti isimamishwe. Pesa yenyewe, ikiwa imo, itatolewa kwa msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, siyo kwa mtoto mkubwa kwa sababu ni mkubwa. Na tafadhali, asiyekuwa msimamizi asitoe pesa kwa kadi ya marehemu hata kama namba ya siri anaijua. Hiyo ndiyo inayovunja familia, zaidi ya makato.

Nimechoka. Nataka kuifunga.

Haifungwi ikiwa minasi. Lipa mpaka sifuri, na uulize kama kuna ada ya kufunga, ili usiifikishe sifuri leo ukakuta ada imeirudisha chini kesho. Andika barua ya kufunga, rudisha kadi ikatwe mbele yako, na omba uthibitisho wa maandishi kwamba akaunti imefungwa. Kuacha kuitumia siyo kuifunga.

Ile yangu ya kibarua ilinichukua safari tatu. Ya kwanza nililipa. Ya pili mtandao ulikuwa chini. Ya tatu walinirudishia ada za miezi minne kati ya tisa, baada ya barua, na nikatoka na karatasi ya kufunga nikiwa nimeikunja mara mbili kwenye mfuko wa shati. Bado ninayo. Na laini niliyoandikisha kwenye akaunti niliyobaki nayo ni hii hii mnayonipigia kila tarehe ishirini.